Taiti, bukta na kikoi: kisa cha mwanamume mmoja wa Mombasa na nguo za darasa la baleti

Mteja wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mzaliwa wa Mji wa Kale, karani wa kampuni ya kutoa mizigo katika bandari ya Kilindini. Ana mke na watoto. Alicheza mpira hadi goti la kulia likamkatalia, akakaa muda mrefu bila mazoezi yoyote, kisha akajiandikisha katika darasa la baleti la watu wazima wanaoanza, Jumamosi jioni, kwenye ukumbi mmoja upande wa Nyali. Nilipomuuliza kwa nini baleti na si kunyanyua vyuma, alisema anapenda mazoezi yanayomdai mtu asimame wima huku akisikiliza muziki. Kwangu hiyo ni sababu kamili, sikumhoji zaidi. Darasani wote ni wanawake isipokuwa yeye.

Mimi ni fundi cherehani. Riziki yangu ya kila siku ni kanzu na sare za shule, lakini nimewashonea pia wanasarakasi wanaotumbuiza kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini, na kwao ndiko nilikojifunza vitambaa vya kunyumbuka. Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya mwenyewe, jina lake nimeliacha. Nakiandika kwa sababu najua wako wanaume wengine hapa mjini wanaotamani kwenda darasani na wanakwama mlangoni kwa swali hilo hilo: nivae nini?

Baada ya kulipa ada alitumiwa ujumbe kwenye simu. Wanawake walielezwa kwa kirefu: leotadi (vazi la kipande kimoja la kushika kiwiliwili) ya rangi gani, taiti, sketi fupi si lazima, nywele zifungwe. Wanaume wakapata mstari mmoja, kwamba wavae nguo za kubana kiasi zisizowazuia kujinyoosha. Mstari huo haumfai mtu. Kubana kiasi gani, wapi, na ndani yake kuvaliwe nini? Mwanamke mgeni akiingia huwatazama wenzake, na wiki ya pili anakuja amevaa kama wao. Huyu hakuwa na wa kumtazama.

Siku ya kwanza na ya pili

Siku ya kwanza alivaa alichokuwa nacho: bukta ndefu ya mpira iliyovuka magoti, fulana kubwa ya pamba, soksi, na boksa ndani. Mwalimu alipowaambia wakunje magoti, alimwendea akamwomba aipandishe bukta kwa sababu haoni kitu. Akaipandisha, ikashuka. Ulipofika wakati wa kuinua mguu kando, bukta ikafunguka upande wa paja, na tangu hapo hadi mwisho wa darasa mkono wake mmoja ulishika ufito wa ukutani na wa pili ulishika bukta. Mkono huo wa pili ndio mwalimu alioutaka uwe umenyooshwa kando kwa ulaini. Fulana nayo, kila alipoinama, ilimfunika uso.

Siku ya pili alikwenda na taiti nyeusi aliyoinunua kwenye mitumba ya Kongowea, ya kike bila shaka, maana za kiume hazikuwapo. Amesimama wima, ilikuwa sawa. Alipokunja magoti kitambaa kikanyumbuka, weusi ukageuka kijivu, na boksa ikaonekana chini yake pamoja na mikunjo yake yote. Ukumbi una kioo ukuta mzima. Aliondoka darasa likiwa nusu.

Jumatatu alikuja kibandani kwangu baada ya kazi. Alisema, "Fundi, mimi siogopi baleti. Naogopa kile kioo."

Anachotafuta mwalimu

Kabla ya kushika mkasi niliomba ruhusa nizungumze na mwalimu mwenyewe, kwa sababu nguo ya kazi hupimwa kwa kazi yake. Mwalimu hakusita: "Fundi, mimi nataka goti, kifundo cha mguu na kiuno. Mengine mtajuana wenyewe huko."

Maneno hayo machache yana elimu nyingi ndani yake. Katika baleti miguu hufunguliwa kwa nje, na ufunguzi huo hutakiwa uanzie kwenye nyonga. Mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha ofisi kwa miaka, tena aliyecheza mpira, nyonga zake huwa ngumu, kwa hiyo hupata njia ya mkato: anageuza nyayo nje na kuziacha nyonga pale pale. Tofauti iliyobaki inalipwa na goti. Goti linapokunjwa linapaswa kwenda juu ya vidole. Likiangukia ndani huku unyayo umeelekea nje, linasokotwa. Mwalimu aliye macho huliona hilo na kumwambia mtu apunguze kufungua. Bukta ikilifunika goti, hataliona, na mtu aliyeacha mpira kwa sababu ya goti lake la kulia ataendelea kulisokota kila Jumamosi akidhani anajenga mwili.

Kiuno nacho kina habari yake. Anayeanza akikunja magoti husukuma makalio nyuma au huyakunja mbele, na fulana pana huficha yote mawili. Kifundo huonyesha kama uzito umelala upande wa kidole gumba au umesambaa katika unyayo wote.

Ukiisikiliza orodha ya mwalimu vizuri, utaona paja halimo. Umbo la mbele halimo, makalio hayamo. Huyu ndugu alikuwa amejenga picha kichwani kwamba kuna chaguo mbili tu, ama ajifiche kwenye bukta ya mpira ama ajianike kama wale anaowaona kwenye video za majukwaa makubwa. Mwalimu hakutaka hata moja kati ya hizo. Nikamwambia kazi yetu ni kuonyesha sehemu tatu na kusitiri nyingine zote, na kwamba tutaanzia ndani.

Nguo ya ndani kwanza

Hapa ndipo wanaume wengi wanapokosea. Wanajadili taiti au bukta, nyeusi au kijivu, na ndani wanavaa boksa ile ile ya ofisini. Nguo ya juu haiwezi kukaa vizuri kama ya ndani haijakaa.

Wanaume wa baleti wana chupi yao maalumu. Mbele ina kitambaa kipana kisichonyumbuka sana, kinachoshika kila kitu na kukiinua juu kuelekea tumboni, badala ya kukiacha kati ya mapaja. Kiunoni ina lastiki pana. Nyuma, ile ya kawaida ina ukanda mwembamba tu unaopita kati ya makalio, ili mstari wa chupi usijitokeze juu ya taiti. Kazi yake ya kwanza ni kinga. Katika baleti mapaja hubanwa pamoja, miguu hupishana kwa kasi, watu huruka na kutua, na mwanamume asiyeshikwa vizuri ataumia. Kazi ya pili ni kwamba mbele kunakuwa laini, umbo moja lisilochorwa, na macho ya mtu hayana pa kunasa. Kwa hiyo chupi hii ambayo wengi huiona kama jambo la aibu ndiyo inayoleta sitara kuliko nguo yoyote itakayokuja juu yake. Boksa haishiki kitu, hukusanyika mikunjo kwenye mapaja. Chupi ya kawaida hushika kidogo lakini huacha umbo kama lilivyo. Chupi ya kinga ya wanamichezo inashika, ila mikanda yake ya nyuma huchora alama mbili kwenye makalio.

Nilimweleza yote haya, akanyamaza, kisha akasema ukanda wa nyuma hataweza. Sikubishana naye. Mtu anayejisikia uchi hata akiwa amevaa hatacheza, atajilinda tu. Ipo aina nyingine, mbele ni ile ile na nyuma imefunika makalio yote. Hasara yake ni mistari inayoonekana juu ya taiti. Kwa kuwa tulishakubaliana kutakuwa na bukta nyepesi juu, hasara hiyo haikuwa na uzito.

Hapa Mombasa sijaiona dukani. Kuagiza kutoka nje kunawezekana, lakini saizi ikikukataa kuirudisha ni shida, kwa hiyo niliishona. Vipimo alichukuliwa nyumbani na mkewe: kiuno pale taiti inapokaa, mzunguko wa nyonga, na kipimo cha kutoka mbele kupitia msambani hadi nyuma. Mbele niliweka tabaka mbili, pamba laini upande wa ngozi na naironi nzito nje, na niliukata mnyumbuko ulale kwenda kando ili kwenda chini kitambaa kisilegee. Uzi niliupitisha kwa mshono wa zigizaga, kwa sindano ya vitambaa vya kunyumbuka yenye ncha ya mviringo. Sindano ya kawaida hukata nyuzi za spandeksi, zile zinazokipa kitambaa mnyumbuko, na baada ya kufuliwa mara chache utaona vitundu kando ya mshono. Nilimwambia aivae nyumbani jioni mbili tatu kabla ya kwenda nayo darasani, kwa sababu saa ya kwanza mtu huhisi amebanwa na kitu kigeni. Na nilimwonya asiombe ndogo zaidi akidhani itashika vizuri zaidi. Ikiwa ndogo hukata kwenye kinena.

Sitara, na habari ya bukta juu ya taiti

Siku ya kupima taiti alikuja na mkewe. Mama alikaa, akakitazama kitambaa mezani, akasema, "Fundi, mimi sikatai baleti yake. Nataka tu asipatikane mtu wa kuniletea maneno."

"Maneno gani, mama?"

"Kwamba mume wangu anavaa nguo za kike, tena zimembana."

Ni hoja mbili, na kila moja ina jibu lake.

Nianze na kubana. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, uchi wa mwanamume ni kati ya kitovu na magoti, na nguo inayosetiri haipaswi kuonyesha rangi ya ngozi. Mimi si mufti, na mteja alikwenda kwa sheikh wake mwenyewe. Kazi yangu ni kitambaa. Kitambaa cha taiti hupimwa kwa kuvutwa: kinyooshe juu ya kiganja hadi kifike kama mara moja na nusu ya upana wake, kisha kielekeze dirishani. Ukiona mistari ya kiganja, kirudishe kwa mwenye duka. Kile cha mitumba cha siku ya pili kingefeli mtihani huo kabla hajatoka Kongowea. Tuliyochagua ni naironi yenye spandeksi kama asilimia 20, nzito, ya karibu gramu 250 kwa mita ya mraba. Pamba yenye spandeksi ni laini zaidi mkononi na inapatikana kwa urahisi, lakini kwa joto letu hunyonya jasho, ikawa nzito, na magotini ikafanya mifuko. Nilikata upana pungufu kwa kama sehemu moja ya kumi ya kipimo chake, na msambani nikaweka kiraka cha pembe nne, kitu ambacho taiti nyingi za kike za bei ya chini hazina. Bila kiraka hicho mishono minne hukutana mahali pabaya kabisa kwa mwanamume anayeinua mguu.

Urefu tuliushusha hadi katikati ya muundi. Goti limefunikwa lakini umbo lake linaonekana wazi, na kifundo kiko nje. Juu yake nikashona bukta nyeusi ya kitambaa chepesi kisichonata kwenye taiti, inayoishia karibu na nusu ya paja, yenye mpasuo kila upande unaopanda hadi karibu na kiuno. Mguu ukiinuka, bukta inafunguka kwenye mpasuo badala ya kuvutwa, na mwalimu anaiona nyonga kando. Kiunoni, kwa nje, nilipitisha lastiki nyeupe. Juu ya weusi ule inasimama kama mstari wa rula: kiuno kikiinama mbele au upande mmoja ukipanda, mwalimu anaona kutoka mwisho wa ukumbi. Wachezaji wengi hufunga lastiki kiunoni darasani kwa sababu hiyo hiyo.

Mteja alikuwa na wasiwasi kwamba bukta juu ya taiti itamfanya aonekane mshamba katika sanaa ya watu. Nilimweleza habari ya Vaslav Nijinsky. Januari 1911, katika ukumbi wa Mariinsky mjini St. Petersburg, Nijinsky alicheza baleti iitwayo Giselle akiwa na taiti na koti fupi, bila ile bukta ambayo wanaume wa jumba hilo walivaa juu ya taiti. Alifukuzwa kazi. Huyo ndiye aliyekuwa mchezaji wa kiume maarufu kuliko wote wa zama zake, na Warusi wa mwaka ule hawakuwa Waislamu wa Mombasa. Suala la kusitiri nyonga za mwanamume ni la baleti yenyewe tangu zamani, na mwanamume anayeamua kuvaa bukta juu yuko ndani ya mila ya sanaa hiyo.

Kuhusu nguo za kike, mama alinisikiliza kwa makini. Baleti ilikulia katika jumba la wafalme wa Ufaransa, na wachezaji wake wakubwa wa mwanzo walikuwa wanaume, miguu yao ikiwa ndani ya soksi ndefu zinazoshika muundi ili kila hatua ionekane. Mfalme Louis wa 14 alicheza mwenyewe mbele ya watu mwaka 1653 akiwa kijana wa miaka 14, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi. Wanawake wa kulipwa hawakupanda jukwaa la Opera ya Paris hadi mwaka 1681. Kwa hiyo mwanamume katika baleti hajaazima nguo ya mtu. Na sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mgeni kutoka mbali akimwona mzee wetu amejifunga kikoi barazani anaweza kudhani ni sketi. Nani hapa mjini atamwambia mzee huyo amevaa nguo ya kike?

Mama aliuliza kama wako Wakenya wanaume wanaocheza. Wako. Joel Kioko wa Nairobi alifika hadi shule ya English National Ballet jijini London. Aliposikia hivyo akakishika kitambaa mwenyewe, akakivuta juu ya kiganja chake kuelekea dirishani kama nilivyofanya mimi.

Fulana na viatu

Fulana haikutusumbua. Ya kushika mwili bila kukaba, mikono mifupi, mgongo usiwe na maandishi wala mishono ya kuchanganya macho. Nilirefusha mwili wake kwa takriban sentimita 20 ili iingie ndani ya taiti, chini ya lastiki, na mikono ikiinuliwa isitoke. Wengine huvaa leotadi ya kiume ambayo haitoki kabisa, yeye hakuitaka. Rangi ni buluu ya giza. Kijivu huonyesha kila tone la jasho, nyeupe ikilowa inaangaza.

Viatu vilitaka fikra zaidi. Kiatu cha baleti cha anayeanza ni cha ngozi au cha turubai, na soli yake ni nzima au imegawanyika sehemu mbili. Iliyogawanyika huonyesha upinde wa unyayo vizuri, lakini nzima humlazimisha mtu kufanya kazi na misuli ya unyayo, na mwalimu alitaka nzima. Ngozi hudumu, ila katika unyevu wa Mombasa, kiatu cha ngozi kilichojaa jasho kikikaa kwenye mfuko tangu Jumamosi hadi Jumamosi kitaota ukungu. Turubai hufuliwa. Kikae mguuni kama soksi, vidole vinyooke bila nafasi mbele yao, kwa hiyo saizi ya viatu vya ofisini isitumike bila kujaribu. Lastiki za juu ya unyayo mara nyingi huja hazijashonwa. Nilizishona yeye akiwa amesimama na unyayo umenyooka, kwa sababu kiatu kilichopimwa mtu amekaa hulegea akisimama. Kamba ndogo ya mbele huvutwa, hufungwa fundo, na ncha zake huingizwa ndani ya kiatu.

Viatu alivyopata vilikuwa vyeupe. Kwa mwanamume aliyevaa taiti na soksi nyeupe, kiatu cheupe ni sahihi, kwa sababu mguu unaonekana mstari mmoja toka nyonga hadi kidole. Lakini mteja wangu taiti yake inaishia katikati ya muundi, na kutoka hapo hadi chini ni ngozi yake mwenyewe, nyeusi ya kahawia. Kiatu cheupe kingeukata mguu kwenye kifundo, mahali pale pale mwalimu anapotaka kupaona. Wachezaji wa Dance Theatre of Harlem, kundi la New York lililoanzishwa na Arthur Mitchell mwaka 1969, walianza katika miaka ya 1970 kuvaa taiti na viatu vya rangi za ngozi zao badala ya ile pinki iliyochukuliwa kuwa ndiyo rangi ya ngozi ya kila mtu. Sisi tulifanya vivyo hivyo. Chai ya rangi ilitoa manjano hafifu tu, haikutosha. Rangi ya nguo ya kahawia, kwenye maji ya moto na chumvi, ilitoa kahawia yake baada ya kuchovya mara ya pili. Turubai ya pamba huikubali rangi vizuri. Lastiki hubaki hafifu zaidi, na hizo nilizibadilisha.

Njiani na nyumbani

Ukumbi una choo kimoja na hauna chumba cha kubadilishia cha wanaume. Mwanzoni alitaka kwenda amevaa taiti chini ya suruali ya traki tangu nyumbani. Katika kaskazi, kutoka Mji wa Kale hadi Nyali ndani ya matatu, angefika amelowa. Tulichoamua ni kile ambacho kila mwanamume aliyeoga baharini hapa amekifanya tangu utotoni: kikoi. Anafika, anajifunga kikoi juu ya suruali kwenye kona ya varanda, anavua na kuvaa ndani yake, amemaliza. Darasa linaisha karibu na Magharibi, na kikoi hicho hicho, akiwa na fulana kavu, kinamtosha kuingia msikitini baada ya kutawadha. Nilimkataza jambo moja, kuiacha taiti yenye jasho ndani ya mfuko wa plastiki hadi kesho.

Ufuaji nauandika kwa msisitizo kwa sababu ndio unaoua nguo hizi mapema. Maji ya visima vyetu vingi vya kisiwani yana chumvi, na nguo ikikauka nayo inakuwa ngumu na inakwaruza mapaja. Suuza la mwisho liwe la maji matamu, hata ndoo nusu. Dawa ya kung'arisha nguo isiguse spandeksi. Pasi pia. Anika kivulini, kwa sababu jua la saa saba likizoea kuipiga nguo hiyo, mnyumbuko hufa na magoti hubaki yamevimba.

Kilichotokea darasani

Alirudi darasani kimya kimya, akasimama mahali pale pale pa nyuma. Aliniambia kwamba kwa nusu saa ya kwanza alikuwa bado anajiangalia kwenye kioo kutafuta kasoro, kisha mazoezi yakawa magumu akasahau. Mkono wa pili uko kando sasa, unafanya kazi yake. Mwalimu aliona ndani ya darasa hilo hilo kwamba goti la kulia linaangukia ndani kila anapokunja, akamrudisha afungue miguu kidogo zaidi ya nusu ya alivyokuwa akifungua. Alivunjika moyo kidogo, kwa sababu alijiona amerudishwa nyuma. Kwangu mimi hayo ndiyo malipo ya kazi yote: lile goti lilikuwa likisokotwa tangu siku ya bukta ya mpira, na hakuna aliyeweza kuliona.

Marekebisho yalikuwa mawili. Bukta ilikuwa inapanda alipokaa chini kujinyoosha, nikaitia uzito kwa kukunja pindo mara mbili. Lastiki nyeupe ilikuwa inageuka ikijikunja, nikaibana kwa mshono kwenye mishono ya kando.

Limebaki suala la onyesho. Mwisho wa mwaka darasa litacheza mbele ya familia zao, na mwalimu alipendekeza mwanamume wa pekee avae taiti nyeupe kamili bila bukta, kama inavyoonekana kwenye majukwaa. Mteja amekataa, na mimi nimemuunga mkono. Taiti nyeupe inahitaji kitambaa kizito zaidi na chupi ya ukanda mwembamba nyuma, na chini ya taa za jukwaa haisamehi chochote. Mtu wa miezi michache hana sababu ya kuanzia hapo. Nimempelekea mwalimu kipande cha kitambaa cheusi cha suruali ya kushika mguu, inayofika kifundoni, yenye koti fupi la kufunika nyonga. Amekubali. Vipimo tunachukua wiki ijayo.